Nani humwuliza mwendesha mashtaka "kwa nini"? Kesi ya Aaron Swartz na makosa ya kompyuta

Swali la Mwanachuo_wa_Mzizima

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari zenu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sheria hapa Dar es Salaam, na tasnifu yangu inahusu hiari aliyonayo mwendesha mashtaka katika kesi za makosa ya kompyuta: hiari ya kushtaki au kuacha, ya kuchagua kosa, ya kuongeza idadi ya makosa, na ya kuiondoa kesi mahakamani. Msimamizi wangu amenitaka nichimbe kesi moja mpaka chini kabla sijagusa sheria zetu, nami nimechagua ile ya Aaron Swartz, iliyokuwa katika mahakama ya shirikisho ya Boston, Marekani, tangu 2011 hadi 2013.

Kwa wasioifahamu, Swartz alikuwa mwandishi wa programu, mzaliwa wa 1986, ambaye akiwa na miaka 14 tu alishiriki kuandika kanuni za RSS, njia ya tovuti kusambaza habari zake mpya kwa wasomaji, na baadaye akawa miongoni mwa walioijenga Reddit, tovuti ya mijadala. Mwishoni mwa 2010 alianza kupakua makala za kitaaluma kutoka hifadhi ya JSTOR kupitia mtandao wa chuo cha MIT, kwa kutumia programu fupi aliyoiandika mwenyewe. Walipomzuia kwa anwani moja ya kompyuta, aliibadilisha. Walipomzuia tena, aliingia katika chumba kidogo cha nyaya kwenye ghorofa ya chini ya Jengo namba 16, akachomeka kompyuta yake ya mkononi moja kwa moja kwenye mtandao na kuiacha hapo, imefunikwa kwa boksi. Kamera iliyokuwa imefichwa humo ilimwonyesha akirudi, ameinua kofia ngumu ya baiskeli mbele ya uso, akichungulia kupitia matundu yake. Alikamatwa tarehe 6 Januari 2011. Kwa jumla alikuwa amepakua makala zaidi ya milioni 4.

Julai 2011 alisomewa makosa 4. Taarifa ya ofisi ya mwendesha mashtaka ilieleza kwamba angeweza kufungwa hadi miaka 35 na kutozwa faini ya dola milioni 1. Septemba 2012 hati ikabadilishwa, makosa yakawa 13. Yote haya yalitokea ilhali JSTOR, ambao ndio waliochukuliwa makala zao, walikuwa wamekwisha kumalizana naye Juni 2011 baada ya yeye kurudisha nakala alizokuwa nazo, wakatamka kwamba hawana haja ya kuona anashtakiwa. Tarehe 11 Januari 2013, miezi michache kabla kesi haijaanza kusikilizwa, Swartz alijiua. Alikuwa na umri wa miaka 26.

Nimesoma makala nyingi za hasira kuhusu kesi hii na ninakiri kwamba hata mimi niliisoma kwa uchungu, kwa kuwa tulikuwa tunakaribiana umri na yeye wakati ule alipokamatwa. Lakini tasnifu haiandikwi kwa uchungu. Ninachotaka kuelewa ni hiki: katika safari yote ile, kuanzia jalada lilipofika mezani mpaka makosa 4 yalipogeuka kuwa 13, ni nani mwenye mamlaka ya kumwuliza mwendesha mashtaka sababu zake, na yeye alilazimika kujibu? Na je, kwetu yupo mtu wa namna hiyo?


Jibu la Wa_Raskazone

Marahaba, mwanangu. Nimekuwa wakili wa serikali kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa meza ambao watu wengi hawajawahi kuukalia.

Umeuliza kama yupo wa kumwuliza mwendesha mashtaka sababu zake. Ngoja nikusimulie jalada moja. Miaka michache kabla sijastaafu, wakati Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 ilikuwa bado mpya mikononi mwetu, nililetewa jalada la kijana karani wa kampuni fulani, ambalo mpelelezi alikuwa amependekeza makosa 3, la kwanza likiwa kuingia katika mfumo wa kompyuta kinyume cha sheria. Kijana alitumia neno la siri la bosi wake. Bosi amelalamika, kumbukumbu za mfumo zinaonyesha saa na dakika, mtuhumiwa mwenyewe amekiri kwamba aliingia. Ukisoma ukurasa wa kwanza peke yake, unaona kosa limekamilika. Lakini katika vielelezo vya nyuma kabisa kulikuwa na karatasi ya ujumbe wa simu uliochapishwa, ambao bosi yuleyule, akiwa safarini miezi miwili kabla, alimwandikia: ingia tu, neno ni lilelile. Baadaye walikuja kugombana kwa jambo lingine kabisa.

Nilikataa kufungua mashtaka. Hakuna aliyeniuliza kwa nini. Nami nimekuwa nikikumbuka tangu siku hiyo kwamba kama ningeyafungua, pia hakuna ambaye angeniuliza. Kijana angepandishwa kizimbani, angetafuta wadhamini, angesimamishwa kazi, na karatasi ile ingeonekana pengine mwaka mmoja baadaye, shahidi wa tatu akihojiwa, kama angekuwa na wakili wa kuihoji. Maamuzi yote mawili yangetoka katika kalamu ileile, katika chumba kilekile, bila mtu wa tatu.

Katiba yetu haijalinyamazia jambo hili. Ibara ya 59B inasema Mkurugenzi wa Mashtaka atakuwa huru na hataingiliwa na mtu yeyote, lakini papo hapo inamwagiza azingatie mambo matatu: nia ya kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za utoaji haki, na maslahi ya umma. Ni maneno mazuri. Tatizo ni kwamba anayepima kama yamezingatiwa ni huyohuyo aliyeagizwa kuyazingatia.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa ulipe ukurasa mzima katika tasnifu yako, kwa sababu sijaona likiandikwa vya kutosha. Linganisha namna adhabu zilivyoandikwa. Sheria ya Marekani aliyoshtakiwa nayo Swartz huweka kiwango cha juu: jaji anaweza kushuka hadi chini kabisa akiona inafaa. Sheria yetu ya 2015 katika vifungu vingi imeweka kiwango cha chini. Kuingia kwenye mfumo kinyume cha sheria ni faini isiyopungua shilingi milioni 3 au mara tatu ya faida iliyopatikana, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote viwili. Sasa fikiri kidogo. Hakimu aliyemtia mtu hatiani anataka kumwonea huruma, lakini sakafu imekwisha kumwagwa zege, hawezi kuchimba. Huruma yote iliyokuwa mikononi mwa hakimu imehamia kwa yule aliyechagua kifungu cha kushtakia, naye alikichagua huko nyuma, mlango umefungwa.

Sheria hiyohiyo imempa Mkurugenzi wa Mashtaka uwezo wa kufifilisha kosa, yaani kulimaliza kwa malipo bila kesi endapo mtuhumiwa amekiri. Hiyo nayo ni hiari, na nayo haitangazwi.


Jibu la Mkalimani_wa_Massachusetts

Shikamoo mzee wetu wa Raskazone, na hongera mwanachuo kwa kuchagua mada nzito. Mimi ninaishi Massachusetts na kazi yangu ni ukalimani wa Kiswahili mahakamani, zaidi kwa ndugu zetu waliotoka Kongo. Sikuhusika na kesi ya Swartz kwa namna yoyote, ila makubaliano ya kukiri kosa nimeyatafsiri mara nyingi, na ninadhani ufunguo wa swali lako umo humo.

Kwanza niyaweke sawa hayo makosa 13, kwa sababu yanasomeka kama matendo 13 na hayakuwa hivyo. Hati ya Septemba 2012 ilikuwa na makosa 2 ya ulaghai kwa njia ya mawasiliano, 5 ya ulaghai wa kompyuta, 5 ya kujipatia taarifa kinyume cha sheria kutoka kompyuta inayolindwa, na 1 la kuiharibu kompyuta kwa uzembe. Yale matano matano yalipatikana kwa kuukata upakuaji uleule kwa tarehe zake, kama mtu anayekata mkate mmoja vipande na kudai kila kipande ni mkate. Sheria inaruhusu kufanya hivyo. Mkate haukuongezeka, lakini jumla ya vifungo vinavyowezekana iliruka hadi miaka 50.

Pili, miaka hiyo 35 au 50 haikuwa adhabu ambayo mtu yeyote aliyeijua mahakama ile aliitarajia. Katika mazungumzo, upande wa mashtaka ulikuwa tayari kupendekeza miezi 4 iwapo angekiri makosa yote 13, au kuacha pande mbili zibishane mbele ya jaji huku wao wasiombe zaidi ya miezi 6. Baada ya kifo chake, Carmen Ortiz, aliyekuwa mwendesha mashtaka mkuu wa shirikisho wa Massachusetts, alitoa taarifa tarehe 16 Januari 2013 akisema kwamba ofisi yake ilitenda ipasavyo, kwamba hawakuwa na ushahidi wowote kuwa Swartz alitaka kujinufaisha kifedha, na kwamba walikusudia kuomba miezi 6 katika gereza la ulinzi mdogo. Kwa maelezo ya mawakili wake, walikuwa wameambiwa pia kwamba akikataa na kushindwa kesini, angeombewa takriban miaka 7.

Tazama umbali huo, kutoka miezi 6 mpaka miaka 7, kwa tendo lilelile. Tofauti pekee ni kwamba katika njia ya kwanza mtu amesalimu amri na katika ya pili ametumia haki yake ya kusikilizwa. Mahakama Kuu ya Marekani ilikwisha kukubali tangu 1978, katika kesi ya Bordenkircher, kwamba mwendesha mashtaka anaweza kutishia shtaka zito zaidi ili mshtakiwa akiri. Nimekaa pembeni ya watu wakati wanapewa hesabu ya namna hiyo. Hawaniulizi maana ya neno lolote la kisheria. Wananiuliza: mdogo wangu, miezi mingapi ukikubali, na miaka mingapi ukikataa?

Sasa, nani aliuliza? Wabunge Darrell Issa na Elijah Cummings, wa vyama viwili tofauti, waliandika barua kwa Mwanasheria Mkuu Eric Holder mwishoni mwa Januari 2013. Holder alipofika mbele ya kamati ya Seneti mwezi Machi, jibu lake lilikuwa kwamba hiari ilitumika vizuri. Maombi ya kutaka Ortiz aondolewe yalikusanya saini nyingi katika tovuti ya Ikulu ya Marekani, na Ikulu ikajibu baada ya miaka 2 kwamba haizungumzii masuala ya watumishi. Mawakili wa Swartz walimlalamikia mwendesha mashtaka aliyekuwa akiiongoza kesi, Stephen Heymann, katika ofisi ya maadili ambayo iko ndani ya wizara ileile anayoitumikia. Na mlango wa madai ya fidia ulikwisha kufungwa tangu 1976, katika kesi ya Imbler, ambapo Mahakama Kuu iliamua kwamba mwendesha mashtaka hawezi kudaiwa fidia kwa uamuzi wake wa kushtaki na kuendesha kesi, hata kama alitenda kwa nia mbaya.

Kuna kipande kimoja ndani ya ripoti ya MIT ya Julai 2013, iliyoongozwa na Profesa Hal Abelson, ambacho sikukisahau. Inaelezwa humo kwamba Heymann alimwambia wakili wa chuo kuwa kampeni ya mtandaoni aliyoianzisha Swartz baada ya kushtakiwa ndiyo iliyoitoa kesi katika ngazi ya kibinadamu, mtu na mtu, na kuipeleka katika ngazi ya taasisi. Mwanachuo, kisome kipande hicho mara mbili. Mshtakiwa kuwaomba watu wamwunge mkono si kosa la jinai popote, lakini humo kinaonekana kuwa kilibadilisha uzito wa jalada. Tungejuaje, kama MIT wasingeandika ripoti yao?


Jibu la Fundi_wa_Mifumo_Nairobi

Ningependa kuongeza upande wa kompyuta zenyewe, maana ninaona wasomi wa sheria wanauzungumzia uamuzi wa kushtaki kana kwamba kosa la kompyuta ni kama wizi wa mbuzi, ambao kila mtu anajua ulipoanzia.

Kiini cha makosa haya katika nchi nyingi ni maneno mawili: bila idhini. Lakini idhini katika kompyuta ni nini? Mtandao wa MIT wakati ule uliwaruhusu wageni kuingia, na aliyekuwa ndani ya mtandao huo aliifikia JSTOR bila kuulizwa neno la siri. Kwa hiyo ubishi haukuwa kama alivunja kufuli, ulikuwa kama alipakua kwa wingi na kwa namna ambayo masharti ya huduma yalikataza, na kama kubadilisha anwani baada ya kuzuiwa ni sawa na kuvunja mlango. Mimi binafsi ninaona kile chumba cha nyaya kinamharibia hoja, na sitaki kujifanya sikioni. Hata hivyo ni wazi kwamba neno likiwa pana kiasi hicho, anayeamua maana yake kwanza ni mwendesha mashtaka, na mahakama huja miaka mingi baadaye.

Mahakama zao zenyewe zimelikiri hilo. Aprili 2012, katika kesi ya Nosal, mahakama ya rufaa ya San Francisco ilikataa kuifanya sheria yao ya ulaghai wa kompyuta ya 1986, ambayo Swartz alishtakiwa nayo, imguse kila mfanyakazi anayekiuka masharti ya kompyuta ya kazini, ikasema kwamba watu hawapaswi kuishi kwa huruma ya mwendesha mashtaka wa eneo lao. Tarehe 3 Juni 2021 Mahakama Kuu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamua kesi ya Van Buren, sajenti wa polisi wa Georgia aliyelipwa fedha ili atafute namba ya gari katika hifadhidata aliyokuwa na ruhusa ya kuitumia kazini. Wakasema kwamba sheria hiyo ya 1986 inamgusa anayeingia mahali palipofungwa kwake, na haimgusi aliyeingia, hata kwa nia mbaya, mahali palipofunguliwa kwake. Kabla ya hapo, Septemba 2014, Wizara ya Sheria ilikuwa imetoa mwongozo unaowataka waendesha mashtaka washauriane na kitengo chake cha makosa ya kompyuta kabla ya kushtaki, na Mei 2022 ikatoa mwingine unaosema mtafiti wa usalama wa mifumo mwenye nia njema asishtakiwe. Ni hatua njema. Lakini mwongozo wa wizara haumpi mshtakiwa haki ya kwenda mahakamani na kusema umekiukwa. Mswada uliopewa jina la Swartz, ambao ungeipunguza sheria yenyewe, uliwasilishwa 2013 na haukupita.

Sisi Kenya tulikuwa na somo letu mwaka 2025. Msanidi programu mmoja wa Nairobi alitengeneza ukurasa ambao mwananchi akibonyeza unatuma baruapepe ya kuupinga Mswada wa Fedha kwa kamati ya bunge, kamati ambayo kikatiba inapaswa kupokea maoni ya wananchi. Alikamatwa Ijumaa, akalala rumande mwisho wote wa juma la Madaraka, kisha akashtakiwa chini ya kifungu cha 16 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018 kwa kuuingilia mfumo wa kompyuta bila idhini. Tarehe 20 Juni hakimu aliyatupa mashtaka, akisema kwamba maelezo yaliyomo hayaonyeshi kosa lolote. Mimi hutuma baruapepe za mpango huo kila wiki kwa ajili ya wateja wangu. Nilipoisoma hati ile nilijiuliza ni nani aliyeitia sahihi akiwa ameelewa seva ya baruapepe hufanya nini.

Kwa mwanachuo: Katiba yetu ya 2010 katika ibara ya 157 inamlinda Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma asiamrishwe na mtu, lakini inasema hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Kwenu Tanzania anaweza kuiondoa bila ruhusa hiyo. Tofauti hiyo itazame kwa makini. Ila utaona kwamba hata kwetu mahakama inalinda mlango wa kutokea tu. Kwenye mlango wa kuingilia hakuna anayesimama.


Nyongeza ya Mwanachuo_wa_Mzizima

Nawashukuru sana nyote. Mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea nitaomba niutumie katika tasnifu kwa kukutaja, kaka wa Nairobi.

Nina wasiwasi mmoja. Mzee wa Raskazone, nikipendekeza kwamba mwendesha mashtaka alazimike kutoa sababu, msimamizi wangu atanirudishia uhuru wa ofisi: kwamba sababu zikitolewa, wakubwa watapata pa kuingilia. Pia ninaogopa kuandika kana kwamba kifo cha Swartz kiko juu ya mtu mmoja. Yeye mwenyewe alikuwa ameandika hadharani miaka ya nyuma kuhusu huzuni iliyokuwa ikimwelemea.


Jibu la Mpelelezi_Kanda_ya_Ziwa

Ninaheshimu yaliyosemwa, lakini naomba na upande wetu usikike. Majalada yanayofika mezani kwangu hayamhusu kijana anayependa elimu iwe bure. Yanahusu mama muuza dagaa aliyetumiwa ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", akatuma mtaji wake wote kwa kudhani ni mteja wake wa Kahama. Yanahusu laini zilizosajiliwa kwa vitambulisho vya watu wengine, watu wanaohama wilaya kila wiki, na fedha inayopita katika simu sita ndani ya dakika kumi. Tukifunga sheria kwa maneno membamba, hao ndio watakaopenya kwanza, kwa sababu wana muda wa kutafuta tundu kuliko tulio nao sisi wa kuliziba.

Ndugu zangu, hata hiari ya kuongeza makosa ina mahali pake. Mtu aliyewaibia akina mama 40 anastahili makosa 40, kwa kuwa ni akina mama 40. Ninakubaliana na mkalimani kwamba kuukata mkate mmoja si jambo lilelile. Ila nani atakayeandika kanuni inayotenganisha mambo hayo mawili bila kumfunga mikono wakili wa serikali anayekesha na majalada mia?


Jibu la Wa_Raskazone

Mpelelezi, kesi ulizozitaja zina jibu ndani ya maelezo yako mwenyewe. Akina mama 40 ni walalamikaji 40, kila mmoja na hasara yake. Kanuni inaweza kuanzia hapo: kila kosa la nyongeza lionyeshe mtu wa nyongeza aliyeumizwa au tendo la nyongeza lililofanywa, na tarehe peke yake isitoshe. Hilo halimfungi mikono mtu anayewashughulikia wezi wa kweli. Kesi ya mama wa dagaa ingelipita kipimo hicho bila shida, na hati ya Septemba 2012 ingebidi ijieleze.

Mwanangu mwanachuo, kuhusu uhuru wa ofisi. Nilifanya kazi chini ya uhuru huo na ninauthamini, kwa sababu nimewahi kupigiwa simu nisizotaka kupigiwa. Simu hizo zilikuwa rahisi kupigwa kwa kuwa hapakuwa na kitu kilichoandikwa. Aliyenipigia alijua kwamba nikibadilisha msimamo hakuna atakayeona nilikuwa na upi hapo awali. Ningekuwa na ukurasa mmoja wenye sahihi yangu, unaosema nimekataa kushtaki kwa sababu hizi na hizi, umesomwa na wakili mwenzangu ambaye hana jalada hilo, ningemjibu kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo mwambie msimamizi wako kwamba anayeuogopa ukurasa ule zaidi ni mpiga simu.

Ukurasa huo usiende kwa waziri wala kwa gazeti. Ukae ndani ya jalada, na mshtakiwa apewe haki ya kuomba hakimu ausome pale tu ambapo idadi ya makosa imeongezwa baada ya yeye kukataa kukiri, au pale ambapo mlalamikaji mwenyewe amesema hana haja ya kesi. Katika kesi ya Swartz mambo yote mawili yalikuwepo.

Na kuhusu kifo chake umesema sawa. Usimbebeshe mtu mmoja. Nafsi ya mtu haifunguliwi kwa hati ya mashtaka, na wewe si daktari wake. Andika yanayoweza kuthibitishwa: alichofanya, alichoshtakiwa, alichoahidiwa akikiri, alichotishiwa akikataa, na nani aliulizwa. Hayo yanatosha kujaza sura nzima.

Kuhusu yule karani, sikumaliza kusimulia. Sababu zangu niliziandika kwa mkono, mistari minne, nyuma ya jalada, ingawa hapakuwa na fomu iliyonitaka nifanye hivyo. Baada ya mwaka bosi alirudi na malalamiko yaleyale katika ofisi nyingine, na wakili kijana aliyelipokea jalada akanipigia simu kuuliza kama mwandiko ule ni wangu. Nikamwambia ni wangu, na karatasi ya ujumbe iko nyuma ya kielelezo cha mwisho. Alikaa kimya kidogo akiitafuta, nikasikia kurasa zikifunuliwa, kisha akasema, "Nimeiona, mzee."

Ukiwa na nafasi ya kuja Tanga kabla hujakabidhi rasimu, njoo na hati zote mbili, ya Julai 2011 na ya Septemba 2012, zikiwa zimechapishwa kwenye karatasi. Tutaziweka mezani sambamba na kuzisoma kosa kwa kosa.